Darasa Kivyake, Uwanja Kivyake

Mwalimu ameandika ubaoni: chukua 220, toa umri wako, utapata kiwango cha juu cha mapigo ya moyo wako kwa dakika. Wanafunzi wa miaka 16 wananakili 204, wanapiga mstari chini ya jibu, ukurasa unafunuliwa, mada nyingine inaanza. Hakuna aliyeweka vidole viwili shingoni. Hakuna aliyekimbia hata mita 200 kuona kama moyo wake unaikubali hiyo 204 au unaikataa.

Siku mbili baadaye darasa lilelile liko uwanjani. Mpira mmoja, timu mbili, kelele tele, mwalimu kivulini na filimbi yake. Huko nako hakuna anayehesabu chochote. Walio hodari wanacheza, wasio hodari wanasimama pembeni wakiombea mpira usiwafikie, na kengele ikilia wote wanahesabiwa kuwa wamefanya vitendo.

Somo la elimu ya viungo na sayansi ya michezo katika sekondari husemwa mengi: kwamba ni jepesi, kwamba ni kimbilio la waliokwama kwenye hisabati, kwamba halina vifaa. Mimi naona ugonjwa wake uko kwingine. Limepasuliwa katikati. Nadharia ina kipindi chake, vitendo vina chao, na viwili hivyo havisalimiani. Vikikutanishwa, sijui somo jingine la sayansi ambalo maabara yake huingia darasani kwa miguu yake yenyewe.

Turudi kwenye ile 220, kwa sababu ina kisa chake. Wengi huamini ilizaliwa kwenye utafiti mkubwa uliofanywa kuitafuta. Haikuwa hivyo. Ilitokana na andiko la mwaka 1971 ambalo waandishi wake walikusanya takwimu za tafiti mbalimbali na kuchora mstari wa makadirio juu yake, nayo ikasambaa kwa sababu moja ya kibinadamu kabisa: ni rahisi kuikumbuka. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walipendekeza nyingine: 208, toa umri uliozidishwa kwa 0.7. Kwa mtoto wa miaka 16 inatoa karibu 197, pungufu ya mapigo saba. Na hiyo nayo ilitoka kwa watu wazima, kuanzia miaka 18, kwa hiyo kumvika kijana wa kidato cha tatu ni kumvika koti la kaka yake. Juu ya hayo, watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kwa mapigo 10 au hata 20 na wote wakawa wazima.

Sasa fikiria kipindi ambacho haya hayasemwi bali yanagunduliwa. Wanafunzi 40 wenye afya njema, waliopashwa mwili vizuri, wanakimbia mikimbio kadhaa ya nguvu, wanasimama, wanahesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Mmoja anapata 188, mwingine 200, wa tatu anapata 120 na kila mtu anajua amehesabu vibaya. Namba zinaandikwa ubaoni. Kwa nini zimetawanyika hivi? Nani alichelewa kuanza kuhesabu, moyo ukapata nafasi ya kutulia? Kosa la pigo moja katika sekunde 15 linakuwa kosa la mapigo mangapi kwa dakika? Hapo umefundisha fiziolojia, takwimu na unyenyekevu mbele ya kipimo, yote kwa saa moja ya mkononi. Mwanafunzi huyo hatakariri tena kanuni ya mapigo ya moyo kama aya ya shairi.

Kabla sijaenda mbali, kuna vitu viwili ambavyo ratiba za shule hupenda kuvikoroga pamoja. Kipindi cha michezo ni cha kila mwanafunzi, na kazi yake ni kumtoa jasho. Somo la mtihani ni la waliolichagua, na kazi yake ni kumfanya aelewe jasho hilo linatoka wapi. Kimoja hakilipi deni la kingine. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wastani dakika 60 za mazoezi ya wastani hadi makali kila siku kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17. Uchambuzi wake uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya takwimu za wanafunzi kutoka nchi 146, ulionyesha kuwa asilimia 81 ya wenye umri wa miaka 11 hadi 17 hawafiki hapo: wasichana asilimia 85, wavulana 78. Shule inayofuta kipindi cha wote kwa hoja kwamba "tuna somo la michezo tayari" imewaacha hao wengi bila kitu, na hata wale wachache imewapa nadharia ya moyo badala ya moyo wenye nguvu.

Basi, tukilitazama somo lenyewe, la mtihani, ndani yake mna nini? Mna mifupa, misuli, moyo na mapafu. Mna mekanika ya mwendo. Mna namna mtu anavyojifunza ustadi. Mna saikolojia kidogo. Mna historia na jamii. Anayesema ni jepesi huwa ameona orodha ya michezo tu.

Chukua kutupa tufe. Kitabu cha fizikia kinasema kitu kinachorushwa kutoka ardhini, tukisahau upinzani wa hewa, hufika mbali zaidi kikirushwa kwa pembe ya nyuzi 45. Mwanafunzi wa fizikia anaishia hapo na alama zake anapata. Mwanafunzi wa sayansi ya michezo akienda kupima, atakuta watupaji bora huachia tufe kwa pembe ndogo zaidi, nyuzi 35 hadi 38 hivi. Je, kitabu kimedanganya? La. Tufe haliachiwi kutoka ardhini, linaachiwa juu ya bega, karibu mita mbili kutoka chini, na hilo peke yake linashusha pembe inayofaa. Halafu kuna mwili: kadiri unavyosukuma kuelekea juu ndivyo unavyopata kasi ndogo, kwa sababu unapigana na uzito wa tufe na kwa sababu kifua na bega havisukumi sawasawa kila upande. Kwa mrukaji wa kuruka mbali tofauti ni kubwa zaidi, pembe yake ni karibu nyuzi 20. Amekuja na kasi ya mita 9 au 10 kwa sekunde na mguu wake unagusa ubao kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Hana muda wa kuigeuza kasi yote hiyo ielekee juu. Akijaribu kuruka kwa nyuzi 45 itambidi apunguze mbio, na atatua karibu.

Mfano mwingine hauhitaji hata kutoka nje. Kunja kiwiko, shika kitu cha kilo 5. Msuli wa mbele ya mkono, ule unaotuna vijana wakijipima mbele ya kioo, umejishikiza kwenye mfupa sentimita 4 au 5 tu kutoka kwenye kiungo, huku kiganja kiko sentimita 35 mbele. Huu ni wenzo wa aina ya tatu, kani ikiwa kati ya egemeo na mzigo, na ni wenzo wa hasara: ili kushika kilo 5, msuli unavuta kama unabeba karibu 40, na uzito wa mkono wenyewe bado hatujauhesabu. Mwanafunzi mwenye akili atauliza mara moja kwa nini mwili ujengwe kibahili namna hiyo. Jibu ni kwamba msuli ukijikunja sentimita moja, kiganja kinasafiri karibu nane. Mwili ulilipa kwa nguvu ukanunua kasi. Ndiyo maana tunaweza kurusha.

Halafu kuna jambo la nishati, ambalo kwa maoni yangu ndilo pambo la silabasi nzima na ndilo linalofundishwa vibaya kuliko yote. Wanafunzi hukariri njia tatu: akiba ya haraka iliyomo ndani ya msuli, ambayo hukauka ndani ya sekunde kumi hivi za juhudi kamili, uvunjaji wa glukosi bila oksijeni, unaotawala juhudi kali za kuanzia hapo hadi dakika moja na kitu, na njia ya oksijeni, ya polepole lakini ya kudumu. Wanachora jedwali lenye safu tatu na kulisahau. Jedwali hilo ni hatari, maana linafanya njia hizo zionekane kama madereva watatu wanaopokezana usukani, wakati zote zinafanya kazi tangu hatua ya kwanza na kinachobadilika ni mchango wa kila moja.

Dawa ya jedwali ni mita 100. Usain Bolt alipokimbia kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, vipimo vya kila mita 20 vilikuwa hivi: 2.89, 1.75, 1.67, 1.61, 1.66. Mpe mwanafunzi namba hizo na kikokotoo. Ataona kwamba kati ya mita 60 na 80 alikwenda kwa zaidi ya mita 12.4 kwa sekunde, na kwamba mita 20 za mwisho alipungua hadi karibu 12. Binadamu mwenye mbio kuliko wote waliowahi kupimwa alikuwa anapunguza mwendo alipokata utepe. Sote tuliotazama mbio zile tulidhani anaongeza. Anayewaacha wenzake mwishoni ni yule anayechoka polepole kuliko wao, na mwanafunzi aliyefika hapo kwa kugawanya mwenyewe 20 kwa 1.66 amejua jambo ambalo watangazaji wengi wa mpira na riadha bado hawajalijua.

Kesho yake apige hatua ya pili: wenzake wanne wenye saa wasimame kila mita 25, yeye akimbie, achore mchoro wake. Sasa uwanja na daftari vimeshikana mikono.

Elimu hii pia inafagia uongo mwingi ambao makocha wa mtaani wanaurithishana. Mkubwa ni ule wa asidi ya laktiki. Ukiamka na mapaja yanauma siku ya pili baada ya mazoezi, utaambiwa ni asidi imeganda. Mabaki hayo huondoka damuni ndani ya saa moja au mbili. Maumivu ya kesho yake hutokana na michubuko midogo ndani ya msuli, hasa pale msuli unapofanya kazi huku unanyooshwa: kuteremka mlima, kushusha uzito polepole, kutua baada ya kuruka. Anayetaka ushahidi apande ngazi nyingi siku moja na kushuka nyingi siku nyingine, kisha asikilizie mapaja yake.

Saikolojia nitaipitia haraka, si kwa kuidharau. Mwaka 1898 Norman Triplett aligundua kwamba waendesha baiskeli walikwenda kasi zaidi wakishindana na wenzao kuliko wakishindana na saa. Mwaka 1913 zikachapishwa kazi za Max Ringelmann, aliyeonyesha kwamba watu wengi wakivuta kamba pamoja, kila mmoja hutoa nguvu pungufu ya zile anazotoa akivuta peke yake. Tukio la kwanza linaweza kurudiwa shuleni kesho. La pili linataka mizani ya kuvutia, lakini mwalimu mbunifu hashindwi.

Sasa nifike kwenye alama, ambako mpasuko niliousema unaumiza watu. Mifumo inatofautiana. Katika GCSE, mtihani wa sekondari wa Uingereza, kwa mfano, asilimia 60 ya alama za somo hili hutoka kwenye karatasi za nadharia, 30 kwenye uchezaji wa michezo mitatu, na 10 tu kwenye uchambuzi wa uchezaji. Ile 30 inapima nini? Mara nyingi inapima alichokuja nacho mtoto. Vijana wawili wenye umri wa miaka 14, waliozaliwa wiki moja, wanaweza kupishana miaka kadhaa kwa ukuaji wa mwili: mmoja ameshabalehe, ana mabega na hatua ndefu, mwenzake bado sauti haijavunjika. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walichunguza wachezaji wa hoki ya barafu nchini Canada wakakuta waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka wamejaa kupita kiasi kwenye timu za juu za vijana. Sababu haikuwa nyota zao. Rika zilikuwa zikigawanywa kuanzia Januari, hivyo wa Januari alikuwa karibu mwaka mzima mbele ya wa Desemba, akaonekana ana kipaji, akapewa kocha bora, na kwa kupewa kocha bora akawa na kipaji kweli. Mtahini anayesimama pembeni ya uwanja na karatasi ya alama hana njia ya kutofautisha ustadi na mwezi wa kuzaliwa.

Wasichana wana mzigo wa ziada, na historia yake inastahili vipindi kadhaa. Kwenye Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800. Taarifa zilizotiwa chumvi zikaenea kwamba wameanguka hoi, na mbio hizo zikaondolewa hadi 1960. Marathoni ya wanawake ilisubiri Los Angeles mwaka 1984. Haikuwa fiziolojia iliyowazuia. Ilikuwa hofu ya wanaume waliovaa fiziolojia kama joho. Somo linalojiita sayansi na halielezi jinsi sayansi ilivyowahi kutumiwa hivyo ni somo lenye pengo.

Na kwa kuwa tumegusa miili ya watoto: acheni kuwapima uzito mbele ya darasa. Uwiano wa uzito kwa urefu (BMI, yaani kilo zikigawanywa kwa mita za urefu zilizozidishwa kwa zenyewe) ni chombo cha kutazamia makundi ya watu, na kwa mtu mmoja mmoja mwenye misuli mingi hupotosha. Mchezaji wa mita 1.75 na kilo 92 za misuli anapata 30, yaani anahesabiwa mnene kupita kiasi. Fundisha udhaifu huo kwa namba za kubuni, si kwa mwili wa binti aliyekaa dawati la nyuma.

Mimi ningegeuza mizani. Sehemu kubwa ya alama za vitendo ningeipeleka kwenye mpango wa mazoezi wa wiki sita ambao mwanafunzi anauandaa, anaufuata, anaupima na kuutetea. Aanze na kipimo, kwa mfano kukimbia dakika 12, jaribio alilolieneza Kenneth Cooper mwaka 1968. Aliyefika mita 2,400 anatoa 504.9, anagawanya kwa 44.73, anapata karibu mililita 42 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, makadirio ya kiasi kikubwa kabisa ambacho mwili wake unaweza kukitumia. Afanye mazoezi, arudie kipimo, aandike kilichobadilika. Kama hakuna kilichobadilika, aeleze kwa nini: labda mazoezi yalikuwa mepesi, labda aliugua wiki ya tatu, labda mara ya kwanza alitoka mbio kama swala na kumaliza akitembea, hivyo kipimo cha mwanzo hakikuwa cha kweli. Aliyeshindwa na akajua ameshindwa wapi apate alama nyingi kuliko aliyepewa miguu na babu yake.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Mwanafunzi wa muziki anapewa alama kwa kupiga ala, si kwa kueleza tu. Kwa nini mwanamichezo anyimwe haki ya kupimwa kwa kucheza? Ni hoja nzuri, na ndiyo maana sisemi uchezaji ufutwe. Lakini kinanda hakimjali aliyebalehe mapema. Mbio na mruko vinamjali sana. Sehemu ya uchezaji ibaki, iwe ndogo, na ipime maamuzi na ufundi: amesimama wapi bila mpira, mguu wa kutua aliupanga vipi, alibadilisha nini alipozidiwa. Hilo linataka watahini wanaoujua mchezo, na wengi wanatumwa kusahihisha mchezo ambao hawajawahi kuucheza.

Kuhusu ajira nina neno moja gumu. Somo hili huuzwa kwa picha za nyota wa soka. Ni uongo, maana aliyefika huko hakufikishwa na cheti cha sekondari. Kuna kazi za kweli nyuma yake: ukocha, ualimu, tibamaungo, uchambuzi wa takwimu za mechi, lishe ya wanamichezo. Lakini nyingi ya hizo, tibamaungo hasa, zina milango ya vyuo inayofunguliwa na biolojia na fizikia au kemia. Mwanafunzi anayeambiwa achague michezo ili ayakwepe masomo hayo anapelekwa kwenye ukuta, na anayemshauri hivyo anajua au alipaswa kujua. Roger Bannister, wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika nne, 3:59.4 tarehe 6 Mei 1954, alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Kabla ya hapo alikuwa amefanya utafiti wa upumuaji kwa wakimbiaji juu ya mashine ya kukimbilia, na baadaye akawa daktari wa mfumo wa neva. Vyote viwili alivibeba pamoja.

Vifaa nimeviacha mwisho kwa makusudi, maana ndivyo vinavyotajwa kwanza katika kila mkutano. Kwa karibu yote niliyoyataja unahitaji saa, futi kamba, chaki na mita 100 za ardhi tambarare. Kinachokosekana ni muda uliopangwa vizuri. Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi: kumi zinaliwa na kubadili nguo na kufika uwanjani, kumi kupasha mwili, kumi nyingine kurudi na kunawa. Zinabaki kumi, na katika dakika kumi utachezesha tu. Kwa hiyo mwalimu akiniuliza aombe nini kwanza kwa mkuu wa shule, sitamwambia mipira. Aombe vipindi viwili mfululizo, na chumba kilicho karibu na uwanja chenye ubao, ili namba ziandikwe watoto wakiwa bado wanahema.